Maua Kwenye Kabati Lisilo na Milango

Dukani kwa mpwa wangu kuna kibao kimoja tu mlangoni, nacho kinasema: agiza kabla ya saa sita, maua yafike leo leo. Watu wamekigeuza kengele ya shule. Asubuhi nzima simu hukaa kimya, mpwa wangu anapunguza mabua na kubadilisha maji ya ndoo, mimi nimekaa juu ya kreti na gazeti la juzi. Ikifika saa sita kasoro robo, simu inaanza kulia kama mtoto aliyeamka na njaa. Wengi wao ni wanaume. Mpwa wangu anasema mwanaume hulikumbuka kosa lake saa sita kasoro.

Kazi yangu ni kupeleka. Nimehama miji mingi kuliko meno yaliyobaki kinywani, na mpwa wangu alipoona nimefika kwake na begi moja na miguu isiyotulia, akaninunulia baiskeli yenye sanduku mbele. Alisema, mjomba, kama lazima uzunguke, uzunguke na maua.

Siku ile aliyepiga simu alikuwa fundi seremala. Nilimsikia mwenyewe, maana mpwa wangu huiweka simu mezani kwa sauti ya nje, mikono yake ikiwa imelowa muda wote. Fundi alitaka maua ya sentimita sitini, yaliyonyooka, yasiwe na vifundo. Mpwa wangu akamwambia waridi lina miiba, habari za vifundo hana. Fundi akauliza yamekatwa lini. Akaambiwa asubuhi hii. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana mshamba, kama yamekauka vizuri, maana kitu kibichi kikikaa hupinda.

“Baba,” mpwa wangu akasema, “haya ndiyo yanayotakiwa mabichi.”

Fundi akalimeza hilo. Kisha akauliza yatadumu miaka mingapi. Alipoambiwa siku saba, nane ukiyabadilishia maji, akampa pole, nikajua huko aliko anamhurumia mpwa wangu kwa kazi aliyoichagua.

Hakuna aliyemuuliza maua ni ya nini, lakini mtu anayenunua maua kwa mara ya kwanza hujieleza kama yuko mbele ya daktari. Mke wake alikuwa na wiki ya tatu kwa kaka yake. Walikuwa wameoana miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo fundi alikuwa akimwahidi kabati la nguo. La kwanza aliliuza kabla halijapakwa rangi. La pili aliliuza siku lilipokauka. La tatu lilifika hadi chumbani, likakaa miezi minne, mke akapanga nguo zake humo na shuka za wageni. Akaenda kumwangalia binti yao kwa siku mbili. Aliporudi alikuta nguo zake juu ya kitanda na ukuta mtupu. Alikuwa amekuja mteja mwenye haraka.

“Lakini nguo nilizikunja vizuri,” fundi akasema kwenye simu. “Hilo hata yeye mwenyewe hakulikana.”

Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu alikuwa ameuza hata gae.

Sasa shemeji yake alikuwa amempa habari kwamba leo saa kumi watakuja na pikapu kuchukua vitu vya dada yake: masanduku mawili, cherehani na vyombo vyake vya jikoni. Ndiyo sababu ya kupiga simu. Binti yao alikuwa amemwambia, baba, tuma maua, na fundi, aliyezoea kwamba kila tatizo linatibiwa kwa msumari au gundi, alikuwa ameishiwa na yote mawili.

“Vyombo vikiondoka, mwanangu, nimekwisha,” akamwambia mpwa wangu. “Mtu hurudi pale vyombo vyake vilipo.”

Mpwa wangu akaacha utani. Akamuuliza aandike nini kwenye kadi. Fundi hakufikiri hata kidogo. Alisema, andika: kabati litakuwa tayari Jumamosi. Mpwa wangu akamshauri kwa upole aongeze neno la mapenzi. Fundi akakuna kitu, nadhani ni kidevu, ila kwa mlio ule ingeweza kuwa ubao. Kisha akasema, ongeza: safari hii kweli.

Basi kadi ikaandikwa hivyo. Mimi niliona imekaa sawa, lakini mimi nimeachwa mara mbili, ushauri wangu haukuhesabiwa.

Mpwa wangu alifunga mawaridi kumi na mawili mekundu na majani membamba pembeni, akapima kwa rula ya duka mpaka yakawa sentimita sitini kamili, akayaviringishia karatasi ya kaki na utepe. Akanikumbusha kwamba maua hayaachwi mlangoni wala hayakabidhiwi jirani, na yakikataliwa hayarudi dukani, yanarudi kwa aliyeyatuma. Nikapanda baiskeli.

Nyumba ya kaka ilikuwa nyuma ya ukuta wa shule, geti la kijani, ua uliofagiwa mpaka unaona alama za ufagio. Aliyefungua alikuwa mke wa kaka, mwanamke mfupi mwenye kisu cha jikoni mkononi na macho yanayokuchambua kabla ya salamu. Nilipomtajia maua ni ya nani, akageuka na kuita ndani.

“Wifi, njoo. Umeletewa bustani.”

Mke wa fundi alitoka na miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mrefu, aliyenyooka kweli, nikaelewa fundi alikopata kipimo chake. Aliyapokea maua, akavaa miwani, akasoma kadi kimya. Kisha akaisoma kwa sauti. Wifi yake alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza na kuniomba nimshikie kisu.

Mke wa fundi hakucheka. Alinikaribisha kiti, akaketi mbele yangu na maua mapajani kama mtu aliyepewa kumbeba mtoto wa mgeni.

“Baba,” akaniambia, “unajua Jumamosi ni siku gani?”

Nikasema ninavyojua inakuja baada ya Ijumaa.

“Hapana. Jumamosi ni siku ambayo fundi hayupo.”

Akanieleza. Kwa miaka thelathini, mteja akija kuulizia meza yake, fundi hujificha nyuma ya mbao, na yeye ndiye husimama mlangoni. Ni yeye aliyekuwa akisema rangi haijakauka, mbao zimechelewa, bawaba zimekuja za mkono wa kushoto, njoo Jumamosi. Wateja wakiondoka, fundi hutoka na vumbi la mbao kichwani na kumwambia, mke wangu, Mungu akubariki. Uongo ule waliutunga pamoja, usiku wakicheka. Na leo ameletewa ule ule, kwa kadi yenye utepe.

“Amenifanya mteja,” akasema.

Wifi akasema afadhali mteja, mteja angalau huondoka na kabati. Mke wa fundi akamwambia aende akaangalie chungu chake. Lakini nilimwona, wakati anasema hivyo, akililaza jani moja lililokuwa limejikunja. Wifi naye aliliona.

“Mbona unayapapasa?”

“Naangalia kama ni ya plastiki.”

“Na umegundua nini?”

“Nimegundua chungu chako kinaungua.”

Akanirudishia maua. Alinishukuru, akanipa maji ya kunywa, akaniambia nimpelekee mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika getini, nimeinua mguu nipande baiskeli, aliponiita. Akasimama kibarazani mikono kiunoni.

“Mwambie Fundi hivi. Kama hilo kabati lipo, ayaweke hayo maua ndani yake. Nikija saa kumi nikiyakuta ndani ya kabati, tutaongea. Nikiyakuta kwenye ndoo, au mezani, au mikononi mwake anayakumbatia, kaka atapakia vitu na mimi sishuki kwenye gari.”

Alimwita Fundi, kama wanavyomwita wateja. Nikaona hilo sitalifikisha.

Ilikuwa saa tisa na kitu. Kutoka pale hadi kwa fundi kuna mlima mmoja ambao kwa umri wangu ni miwili. Nilisukuma baiskeli nikiyakinga maua na jua kwa kofia yangu, na njiani nilijikuta nikiomba kabati liwepo, mimi ambaye maisha yangu yote nguo zangu zimekaa kwenye begi.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, paa la bati, sakafu imefunikwa maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Na kabati lilikuwepo. Lilisimama katikati kama bwana harusi, mbao nyekundu, droo mbili chini, rafu tatu, juu limechongewa ukingo wa mawimbi. Halikuwa na milango bado. Lakini lilikuwa na mtu ndani.

Mtu huyo alikuwa bwana mwenye suti, ameingiza kichwa na mabega kwenye kabati na kugonga ubao wa nyuma kwa vidole. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na kabati alilokuwa ameagiza kwingine lilikuwa limefika likiwa na mguu mmoja mfupi. Alilitaka hili. Alilitaka leo, hata bila milango, pazia litatosha.

Fundi alikuwa amesimama pembeni na penseli sikioni, mtu mpole mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi, na uso wa mtu anayetaka kusema hapana lakini neno lenyewe hajawahi kulitumia. Baadaye nilijua alikuwa ameshasema “tutaangalia” mara tatu.

Nilimvuta kando, nikampa maua na ujumbe, neno kwa neno ila lile moja. Alisikiliza huku akiyatazama yale mawaridi yaliyorudishwa kama anayetazama kipimo kilichopishana. Kisha akakurupuka. Akatafuta kopo la gundi, akalisugua kwa msasa, akalisuuza, akatia maji. Akayatia maua kwenye kopo, akalipeleka kwenye kabati. Hayakuingia. Rafu ya katikati ilikuwa chini mno. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu nne, akaitoa rafu, akaweka kopo pale katikati na kurudi nyuma hatua mbili.

Lilipendeza. Hata yule bwana alisema linapendeza. Kisha akalitoa kopo, akaliweka kwenye maranda, akaanza kupima kina cha kabati kwa shibiri.

Fundi akalirudisha. Bwana akaomba radhi, akalitoa tena, maana alitaka kuona kama koti la mkwe wake lingening'inia vizuri. Fundi akalirudisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikifikiri kwamba fundi akimwambia neno moja tu mchezo utaisha, na fundi akamwambia maneno mengi, juu ya hali ya hewa, juu ya unyevu wa mbao, juu ya bawaba siku hizi, lakini si lile moja.

Shemeji yake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa miaka ishirini. Watu wa namna hiyo hawajui kuchelewa. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili pikapu ilisimama mlangoni, na wakati huo kabati lilikuwa tupu na bwana mwenye suti amelikumbatia kopo la maua kifuani, akiangalia kama droo zinatoka bila kukwama.

Mke wa fundi alikuwa kiti cha mbele, dirisha limeshushwa. Hakushuka. Aliangalia kabati, akaangalia maua, akamwangalia yule bwana. Katika masharti yake, mikononi mwa mteja hakuwa amepataja.

Yule bwana, kwa kuwa alikuwa na adabu na hakujua lolote, akaenda dirishani na maua yake na kumwomba mama amsaidie kumshawishi fundi, kwani anamwona anasitasita, na yeye ana binti mmoja tu. Mke wa fundi akamwambia fundi ni yule pale, na kazi ni yake. Akageuza uso akatazama mbele, kwenye kioo cha gari, kama mtu anayesubiri taa zibadilike. Kaka yake alikuwa ameshashuka na kamba ya kufungia mizigo begani.

Hapo fundi akatembea. Hatua sita au saba, maranda yakipiga kelele chini ya viatu vyake. Akamchukulia yule bwana kopo kutoka mikononi, polepole, maji yasimwagike.

“Hili haliuzwi,” akasema. “Lina mwenyewe.”

Bwana akamwangalia, akaangalia kwenye gari, na kidogo kidogo akaelewa amekuwa akisimama katikati ya nini. Akarudi nyuma. Lakini baba wa bibi harusi ni mtu anayezama. Akasema sawa, basi atengenezewe jingine, la kawaida tu, hata bila mawimbi juu, ila liwe tayari Jumamosi.

Mke wa fundi alikuwa bado anatazama mbele, lakini kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande wetu.

“Siwezi,” fundi akasema.

Akaonekana kushangaa kwamba amelisema na ametoka salama. Akaendelea, kwa haraka, kabla ujasiri haujamwisha.

“Jumamosi sitakuwa nimelimaliza. Nikikwambia litakuwa tayari nakudanganya, na binti yako ataaibika. Nenda kwa yule jamaa wa karibu na kituo cha mafuta. Ana mawili yamesimama. Bawaba zake ni mbovu, nakwambia ukweli, lakini Jumamosi yake ni Jumamosi.”

Bwana akaondoka akiwa hajui ashukuru au akasirike, akafanya vyote viwili mpaka kona. Fundi akayarudisha maua ndani ya kabati, akaligeuza kopo mpaka waridi lililo zuri zaidi likaelekea kwenye gari.

Mlango wa pikapu ukafunguka.

Alishuka, akavaa miwani, akalizunguka kabati lote bila kumtazama mumewe. Akavuta droo. Akapitisha kiganja pembeni, akasimama mahali fulani, akasema hapa pana mkwaruzo. Fundi akakiri pana. Akauliza milango iko wapi. Fundi akamwonyesha mbao mbili zimeegemea ukutani, hazijapigwa randa. Akauliza ni siku ngapi. Fundi akasema nne. Akafikiri, akasema tano. Mke akamtazama juu ya miwani.

“Sita,” fundi akasema. “Sita na nusu.”

Mdomo wa yule mama ulitaka kufanya kitu, akauzuia. Akamwambia kaka yake arudishe gari nyuma, mpaka usawa wa benchi. Fundi aliposikia hivyo akaketi juu ya rafu aliyokuwa ameitoa. Shemeji akarudisha gari, akashuka, akaanza kuelekea ndani kwenye masanduku.

“Si hayo,” dada yake akasema. “Hili hapa.”

Wote tukaangalia alikonyoosha kidole.

“Kabati halilali hapa. Nikiliacha, kesho atakuja mwingine ana binti. Litamaliziwa kwa kaka, sebuleni. Atakuja kila jioni na vifaa vyake.”

Fundi akauliza, kwa sauti ndogo sana, na masanduku je. Na cherehani.

“Hayo yaache. Nyumba isije ikadhani nimehama.”

Shemeji akaivua kamba begani na kumtupia fundi ncha moja. Akamwambia, shemeji, kwangu wageni wanavua viatu, mafundi wanafagia, na mke wangu amekuwa akikusubiri wiki tatu na maneno yaliyonolewa, kwa hiyo ule kabla ya kuja. Fundi akaitika yote, ndiyo shemeji, sawa shemeji, huku akifunga kamba mara mbili mahali palipotosha mara moja.

Tulilipakia watu watatu, jumla ya miaka yetu sijui, na kila mmoja akimwambia mwenzake ainue upande wake. Lilipokaa, fundi alilizungushia magunia, akajaza kisanduku chake randa, msasa na bawaba, mbao za milango akazilaza pembeni. Mke wake alikuwa ameshalitoa kopo la maua na kuketi nalo mbele, amelibana kati ya magoti. Fundi akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda mlango wa mbele, akaufungua, akamwomba asogee kidogo.

“Kaa nyuma, ulishike,” mke akamwambia. “Likipata mkwaruzo mwingine, unaanza upya.”

Akapanda nyuma, na aproni yake na penseli sikioni. Pikapu ikaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ilipokuwa inakata kona nilimwona amelikumbatia kabati kwa mikono yote miwili, shavu limebanwa kwenye ubao, na dirisha la mbele likishushwa, na sauti ya mwanamke ikimuuliza kama yupo.

“Nipo,” akajibu.